Barua ya wazi kwa vijana wanaobeba kamera porini

Wanangu wapiga picha, na nyinyi madereva waongozaji mnaowafikisha wapiga picha kwa wanyama,

Marahaba. Shikamoo zenu zimenifikia, hata zile za Kigoma na Mikumi zilizoletwa na wenzenu waliopita nyumbani wakati wa masika. Mmeniuliza mengi: lenzi ya kununua, mwezi mzuri wa kwenda Ndutu, namna ya kuuza picha nje ya nchi. Hayo nimekuwa nikiyajibu mmoja mmoja. Leo nawaandikia wote kwa pamoja kuhusu jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha kati yetu, nalo ni deni la mpiga picha.

Nimeifanya kazi hii tangu enzi za mkanda wa picha 36, ulipokuwa unafikiri mara mbili kabla ya kubonyeza, mpaka leo ambapo kadi moja inameza maelfu. Katika muda wote huo imani yangu imebaki ileile. Kila picha ya mnyama ina gharama, na wa kwanza kuilipa ni mnyama mwenyewe. Analipa kwa usingizi uliokatizwa, kwa windo lililokimbia, kwa mtoto aliyeachwa peke yake dakika kumi zaidi ya ilivyofaa. Wajibu wetu ni kuipunguza gharama hiyo mpaka tunapoweza, kisha kuhakikisha picha inarudi kulitumikia pori lililoizaa. Nuru, fremu na kasi ya shata mtajifunza tu, kwa sababu mna akili na mna muda. Hili la deni lisipowekwa moyoni mapema, halitawekwa tena.

Nitaanza na duma, maana kwake ndiko tunakoharibu zaidi.

Mnajua yanavyokwenda. Saa mbili asubuhi redio ya gari inasema "madoa chini", yaani duma, sehemu inatajwa, na kila anayesikia anakanyaga mafuta. Duma jike yuko juu ya kichuguu, masikio mbele, macho yamewakazia swala tomi walio mbali kidogo upande wa juu wa upepo. Tumbo lake limebonyea mpaka mbavu zinaonekana. Gari la kwanza limefika taratibu, limezima injini mahali pazuri, na yeye hana habari nalo. La pili vilevile. La tano linataka jua liwe mgongoni mwa wageni, kwa hiyo linazunguka na kupita mbele yake. La nane linasimama katikati yake na swala. Swala wanainua vichwa. Duma anateremka kichuguu, anatembea kuvuka njia kati ya magari mawili, anajilaza nyuma ya kichaka. Wageni wanaambiwa leo hakuwa na njaa.

Alikuwa na njaa. Duma huwinda mchana kwa sababu usiku ni wa simba na fisi, na saa za asubuhi tunazozipenda kwa ajili ya nuru ndizo saa zake za kulisha watoto. Kwenye nyanda za Serengeti utafiti wa miaka ya nyuma ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa duma waliozaliwa, ni kama 5 tu waliofikia umri wa kujitegemea. Wengi waliuawa na simba. Hayo ni ya porini na hatuna mkono wetu ndani yake. Lakini mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakifuatilia duma wa Maasai Mara walichapisha hesabu nyingine. Majike walioishi maeneo yenye magari mengi ya watalii walilea mpaka kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzazi. Walioishi maeneo yenye magari machache walilea 2.3. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma nayaona magari ninayoyajua.

Kwa hiyo ulinzi wa duma unaanzia kwenye redio. Dereva, ukimkuta jike mwenye watoto wadogo, wale ambao mgongo wao bado una manyoya marefu ya kijivu, mtazame na mgeni wako kwa muda wa adabu, kisha uondoke bila kumtangaza. Najua wenzako watakununia, na najua bakshishi inavyoning'inia juu ya kichwa chako. Mweleze mgeni kabla hamjatoka kambini, mkiwa bado mnakunywa chai: leo tukimkuta duma anawinda, tutakaa mbali na hatutasogea. Mgeni aliyeambiwa mapema huona fahari kuwa sehemu ya jambo jema. Anayeambiwa pale pale, mkono ukiwa kwenye kamera, huona ananyimwa haki aliyoilipia.

Na wewe mwenye kamera, jifunze kumsoma mnyama kabla ya kusoma mwanga. Duma jike huita watoto wake kwa sauti ya juu inayofanana sana na mlio wa ndege. Mtu mgeni hugeuza shingo kutafuta ndege mtini. Ukiisikia, na ukimwona anatazama nyasi za mahali pamoja, watoto wamefichwa hapo. Gari lisitikisike hata shubiri moja. Tembo akikunja mkonga na kutikisa kichwa, umeshakaribia kupita kiasi. Ndege akikuzunguka huku akipiga kelele, umesimama juu ya kiota chake au jirani nacho. Hizi ni dalili ambazo wazee wa vijijini pembezoni mwa hifadhi wanazijua bila kuwahi kushika kamera. Waulizeni.

Mwezi Julai 2025 sote tuliona video zilizosambaa kutoka Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, watalii wameshuka kwenye magari na kujipanga ukingoni mwa Mto Mara, na nyumbu waliokuwa wakija kuvuka wakakuta ukuta wa watu. Wengi walilaumu watalii. Mimi nilijiuliza milango ya magari yale ilifunguliwa na nani, na nani alikuwa amewaahidi nini. Kanuni ya kutoshuka ipo, kanuni ya kutoacha njia ndani ya Serengeti ipo, na kila mmoja wenu anaijua tofauti ya upande wa Ndutu ulio chini ya Ngorongoro, ambako kwa msimu huruhusiwa kuiacha njia sehemu fulani. Ruhusa hiyo ni ya kutumia kwa haya. Mtazame ardhi ya pale baada ya mvua, nyasi fupi zilizochanwa na matairi kila upande, halafu mniambie kama kila alama ile ilikuwa na sababu.

Mkitaka mfano wa mtu aliyekaa, mtafuteni Hugo van Lawick. Alikuwa mpiga picha Mholanzi, kazaliwa Surabaya mwaka 1937. Mwaka 1962 alitumwa Gombe kumpiga picha mtafiti Jane Goodall na sokwe wake, na ni picha zake za mnato na za filamu zilizoifanya dunia iamini kile Jane alichokuwa amekiona: sokwe anachuma kijiti, anakipunguza majani, anakichomeka kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Kabla ya hapo vitabuni binadamu ndiye peke yake aliyetengeneza zana. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na siwezi kufikiria hilo likitokea upesi vile bila watu wa mbali kuwa wameziona sura zile. Baadaye akahamia Ndutu, akakaa kwenye kambi yake ya mahema kwa zaidi ya miongo mitatu, akifuata mbwa mwitu, fisi na simba wa nyanda zile, hadi afya ilipomwondoa. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2002.

Ninachokipenda kwake ni ule ukaaji. Alizijua familia za wanyama kwa vizazi. Mtu anayekuja siku nne anapiga picha ya fisi. Yeye alipiga picha ya fisi aliyemjua mama yake. Ndiyo maana kazi yake ilibadilisha namna watu walivyowafikiria fisi na mbwa mwitu, wanyama ambao zamani walipigwa risasi hata na wahifadhi kwa kudhaniwa waharibifu.

Lakini Gombe ina somo la pili, na nalisema kwa heshima ya waliotutangulia wote wawili, maana Mama Jane naye ametutoka Oktoba 2025. Siku zile za mwanzo sokwe walivutwa kambini kwa ndizi. Ndizi zilileta sokwe karibu, na ukaribu ulileta picha. Zilileta pia ugomvi mkubwa kati ya sokwe, kwa kuwa wengi walikusanyika mahali pamoja kugombea chakula kimoja. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza ukaingia katika kundi lile na ukaua. Ndizi zikapunguzwa na hatimaye zikaachwa kabisa, na leo Gombe na Mahale unatakiwa kukaa mbali, na ukiwa na mafua huruhusiwi kuwaendea, kwa sababu kikohozi chetu cha kawaida kinaweza kummaliza sokwe. Waliofanya vile walikuwa wa kwanza duniani, hawakuwa na wa kuwaambia. Nyinyi mmeambiwa. Anayewatupia nyani mkate kwenye barabara ya Manyara ili wageuze uso upande wa lenzi, au kurusha jiwe ili chui ashuke mtini, hana pa kujificha.

Sasa Moru. Miaka ya 1970 majangili walimaliza karibu vifaru wote wa Serengeti. Wakasalia majike wawili kwenye majabali ya Moru, bila dume. Katika miaka ya 1990 dume mmoja, aliyepewa jina la Rajabu, alitembea mwenyewe kutoka Ngorongoro, akavuka nyanda zote zile mpaka akawafikia. Ukoo wa vifaru wa Moru umeanzia kwenye miguu hiyo. Askari wa uhifadhi wanawalinda usiku na mchana, kwenye mvua na kwenye mbung'o, wakiwa mbali na watoto wao kwa miezi. Mwaka 2010 vifaru weusi watano waliletwa kutoka Afrika Kusini kuongeza damu, na mmoja wao, George, aliuawa na majangili mwaka huohuo.

Kisha kijana anapiga picha ya kifaru kwa simu, simu inaandika ndani ya picha saa na mahali kamili, na picha inarushwa kwa dunia nzima kabla hajafika geti la Naabi. Huyo amefanya kazi ambayo jangili angelipia fedha. Zimeni uandishi wa mahali kwenye simu na kamera zenu muwapo na kifaru. Futeni taarifa hizo kabla ya kumpa mtu picha. Msitaje jabali, msitaje mto, na hata mlima unaoonekana nyuma uangalieni, kwa sababu anayeijua Moru huhitaji tu umbo la jabali moja. Wekeni picha ikae mwezi au miezi kabla ya kuionyesha. Sifa inayohitaji kupatikana leo leo kwa gharama ya kifaru ni sifa ya kuikataa. Fanyeni hivyo pia kwa kakakuona na kwa viota vya ndege adimu, na muwe waangalifu hata kwa tembo wenye pembe kubwa. Nchi hii ilihesabu tembo zaidi ya 109,000 mwaka 2009 na ikabaki na kama 43,000 mwaka 2014. Waliofanya kazi porini miaka ile wanakumbuka harufu.

Kuna jambo jingine Moru ambalo wengi hupita bila kulisimamia. Kwenye pango la jabali moja kuna michoro ya Wamaasai: ngao, tembo, mistari, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Hatua chache juu ya jabali jirani liko jiwe kubwa lenye mashimo madogo ya kugongwagongwa. Ukiligonga kwa jiwe dogo linalia kama kengele, na kila shimo lina sauti yake. Mashimo yale yamechimbwa na mikono ya watu kwa muda mrefu mno. Wamaasai waliishi pale na mifugo yao mpaka mwaka 1959, sheria ilipoigawa ardhi: Serengeti ikabaki hifadhi isiyo na wakazi, na Ngorongoro ikaanzishwa kuwa ya watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja. Mjadala wa mpangilio ule haujaisha hadi leo.

Nawaambia haya kwa sababu kamera ina nguvu mbili. Inaweza kulinda mahali. Huko Marekani, picha ambazo Carleton Watkins alizipiga Yosemite mwaka 1861, kwa vioo vikubwa vya kupigia picha vilivyobebwa na nyumbu wale chotara wa punda na farasi, zilifika Washington, na mwaka 1864 Rais Lincoln akatia sahihi sheria ya kulilinda bonde ambalo hakuwahi kulikanyaga. Na inaweza kumfuta mtu. Picha za namna ile ziliwaonyesha waliozitazama bonde tupu, safi, lisilo na mwenyewe, ilhali wenyeji walikuwepo. Sisi tumeirithi fremu hiyo. Tunasubiri mchungaji na ng'ombe wake wapite kabla ya kubonyeza, tunainamisha kamera ili paa la bati lisionekane, na mgeni anarudi kwao akiamini Afrika ni nyasi na simba.

Msifanye hivyo kila mara. Nendeni Kwakuchinja, kwenye ushoroba kati ya Tarangire na Manyara, tembo wanakovuka mashamba na barabara ya Babati. Nilimkuta mama mmoja huko wakati mahindi yamekomaa. Alikuwa amejenga kidungu cha miti pembeni mwa shamba, ana debe bovu na fimbo, tochi ya betri zinazokaribia kufa na kanga mbili za kujifunika. Usiku uliotangulia tembo walikuwa wamepita mistari ya katikati, wamekula na kukanyaga, na nyayo zao zilikuwa zimejaa maji. Alinionyesha unyayo mmoja kwa kuweka kikapu ndani yake, kikaenea. Kisha akasema hataki tembo wauawe, anataka tu mtu aje alale naye kidunguni usiku mmoja ajue. Nilimpiga picha akiwa amekaa na debe lake, kwa ruhusa yake, na nilimrudishia nakala iliyochapishwa. Picha hiyo imefanya kazi kubwa kuliko picha zangu nyingi za tembo wenyewe, kwa sababu waliokaa mezani kuamua habari za ushoroba waliona kuna mtu ndani yake.

Kuhusu nakala: mkimpiga mtu picha, mrudishieni. Ahadi za kijijini zisizotimizwa zimetuharibia jina sana, na mkihitaji kuaminiwa siku ya shida mtaikuta milango imefungwa na waliowatangulia.

Maelezo ya picha nayo ni sehemu ya kazi, na mengi ninayoyasoma ni ya kubahatisha. Mwaka 2013 picha za ndege na popo waliokakamaa kwa magadi ya Ziwa Natron zilizunguka dunia. Aliyezipiga alieleza wazi kwamba aliwaokota ufukweni wakiwa wameshakufa, akawapanga juu ya matawi na mawe kana kwamba wako hai. Maelezo yake yalibaki nyuma, picha zikaenda mbele, na mpaka leo wapo wanaoamini kwamba Natron ni ziwa linalogeuza kiumbe kuwa jiwe. Ukweli ni mkubwa zaidi kuliko hiyo hadithi. Ziwa lile lililo chini ya Ol Doinyo Lengai ndiko heroe wadogo, hawa flamingo wa Afrika Mashariki, wanakozalia karibu wote, kwenye vichuguu vya tope katikati ya magadi yanayowazuia fisi na mbweha. Palipo uhai mwingi namna hiyo, watu wamepafahamu kama mahali pa kifo. Andikeni wenyewe, kwa ukamilifu: mnyama alikuwa huru au alifugwa, alivutwa kwa chakula au hakuvutwa, mmeongeza kitu au mmeondoa kitu kwenye picha. Na tukiwa Natron bado, droni iacheni nyumbani. Heroe wakipaa kwa hofu, mayai yanabaki juani, na mara nyingine kundi zima huacha viota.

Nifike kwenye sehemu ninayoipenda, ambayo ni kurudisha.

Picha zenu zina thamani ya kisayansi ambayo wengi hamjaijua. Madoa ya duma hayafanani kwa duma wawili, kama alama za vidole vyetu. Simba hutambulika kwa vidoa vilivyo juu ya safu ya ndevu zake, na kwa njia hiyo watafiti wamefuata koo za simba wa Serengeti tangu 1966, mama hadi kitukuu. Tembo ana masikio yake yaliyochanika, twiga ana ramani ya mwili wake. Mwaka 2010 watafiti walianza kutega kamera 225 katika sehemu moja ya Serengeti ili mashine zipige zenyewe usiku na mchana; nyinyi mko porini kila siku na macho yenu yanachagua. Kwa hiyo baada ya kupata picha yenu nzuri, pigeni nyingine tatu zisizo nzuri: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, uso mzima kwa karibu. Andikeni tarehe, saa na mahali kwenye daftari, na mzipeleke TAWIRI, ambao ndio wenye dhamana ya utafiti wa wanyamapori nchini. Huko mahali panaandikwa, kwa sababu panalindwa. Mkimwona mnyama mwenye kitanzi shingoni, msiishie kupiga na kusikitika. Piga, kisha peleka taarifa kwa askari saa ileile, pamoja na upande alikoelekea. Wapo wanyama wanaotembea leo kwa sababu dereva aligeuza gari na kurudi kituoni, wageni wakiwa wamekubali kukosa machweo.

Na rudini mahali palepale. Chagueni jiwe moja, mti mmoja, kivuko kimoja, mpige kutoka hapohapo kila mwaka, msimu uleule, lenzi ileile. Picha kama hizo hazisifiwi na mtu, lakini zikikaa miaka thelathini zinakuwa shahidi asiyepingika. Tunajua kwa uhakika kilichoipata barafu ya Kilimanjaro kwa sababu kuna waliochora ramani yake mwaka 1912 na wengine waliopiga picha baada yao; kufikia 2007 takriban asilimia 85 ya barafu ile ilikuwa imekwisha. Mimi nimekuwa nikipiga mkuyu mmoja wa kando ya mto tangu ujana wangu. Mwanzoni mizizi yake ilikuwa imefunikwa na udongo. Sasa mizizi iko wazi hewani, ukingo umeliwa, na upande wa pili mashamba ya mboga yameteremka mpaka kwenye maji. Halmashauri ilipobisha kwamba mto ule haujawahi kupungua, nilichukua bahasha ya picha, nikazipanga mezani kwa mwaka. Hawakubisha tena.

Wapo kati yenu wanaosema hawana gari, hifadhi ni za wenye fedha. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, ila gari ni ghali kweli, sibishi. Basi pandeni daladala ya Tengeru mshuke muende Ziwa Duluti. Kuna mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji kabla ya kujitosa, kuna furukombe, kuna kenge wanaoota jua kwenye magogo, na msitu unaozunguka ziwa una nuru ngumu itakayowafundisha kuliko uwanda wowote. Nendeni na gunia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, chupa bado zipo. Mpiga picha anayeisogeza chupa nje ya fremu na kuiacha pale bado hajaanza kazi.

Mwalimu Nyerere, katika Ilani ya Arusha ya Septemba 1961, kabla hata bendera haijapandishwa, aliikubali dhamana ya wanyamapori wa nchi hii kwa niaba yetu, na akaomba wengine duniani wasaidie. Nilikuwa mtoto. Walioisikia wakiwa watu wazima wamebaki wachache, na dhamana ile haikuandikiwa wizara peke yake.

Mwisho ni ombi. Nyumbani nina masanduku ya negativu, mengine yamepangwa, mengi hayajapangwa, na macho yangu hayasomi tena mwandiko wangu mdogo bila miwani miwili. Nataka yakabidhiwe chuo cha wanyamapori cha Mweka yakiwa na majina, tarehe na mahali, ili wanafunzi wapate kulinganisha. Jumamosi zote kuanzia mwezi ujao, saa tatu asubuhi, mlango uko wazi. Njooni wanne wanne, nyumba ni ndogo. Leteni penseli za risasi, maana wino hupenya na kuharibu picha, na glavu za pamba kama mnazo. Madereva wa zamani mje pia hata kama hamjawahi kushika kamera, kwa sababu kuna majabali na mabwawa kwenye picha zile ambayo nyinyi pekee mtayatambua. Vifaru tutawaweka kwenye sanduku lao, lenye kufuli.

Mzee wenu,
Arusha